Macho ya Mama, Mikono ya Mwanya

Chumba cha kufulia cha hospitali, 14 Januari

Kaka yangu Mwanya,

Kabla hujasoma lolote, mshike Mama mikono yote miwili kwa niaba yangu, kisha ndiyo uendelee. Sisi huku hatujambo. Baba watoto kifua kimempoa, wasichana wamefungua shule, na yule mdogo ameng'oka meno ya mbele sasa anajifananisha na wewe. Nimemwambia mwanya wa mjomba wako ni wa kuzaliwa, na bibi yako aliupenda hata akaufanya jina: ukucha kwenye jino la mbele, huyo ndiye mwanangu wa kwanza. Mimi akanipa nywele zangu, vidole vitatu vilivyosimama utosini. Kishungi. Watu wengine wana majina ya vyeti, sisi wa nyumba ile tuna majina ya mikono, na mpaka leo mtu akiniita kwa jina la cheti nageuka kumtazama aliyesimama nyuma yangu.

Juzi umeme ulikatika jioni, na jirani akaanza kuwasimulia watoto hadithi gizani. Nikakumbuka kwetu. Kwa wenzetu giza likiingia ndipo hadithi zinaanza. Kwetu, watoto wanaosikia wa wazazi viziwi, giza likiingia hadithi zilikatika, mpaka Baba alipobuni ile ya viganjani. Mama katikati, wewe kulia, mimi kushoto, anatufinyangia maneno mikononi. Ulikuwa mwizi wewe! Ukimaliza sehemu yako unanyoosha mkono juu ya tumbo lake kuchukua na yangu.

Na redio ya Baba je? Fundi seremala kiziwi ananunua redio! Akaiweka kwenye meza aliyoichonga mwenyewe, akalaza kiganja juu yake kama anayempima mtoto homa, akazungusha kitufe mpaka akaisikia kwa mifupa. Mtaa mzima ukaisikia pia. Mgeni akiuliza njia, majirani walimwambia: nenda mpaka nyumba yenye kelele kuliko zote, hapo ndipo wanapokaa wale viziwi.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi uliopita uliandika kwamba Mama alimimina chai pembeni ya kikombe, ukapita haraka kama mtu aliyekanyaga kitu kibaya njiani. Macho yake yana nini? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, kaka. Mama anasikia kwa macho.

Mdogo wako,
Kishungi

---

Nyumbani, 11 Februari

Kishungi, mdogo wangu,

Mama anakusalimu wewe, baba watoto na wajukuu zake. Barua yako ilipofika alinikalisha kwenye kigoda mbele yake, akafunua viganja akasema, "Mimina." Nikammiminia neno kwa neno. Nilipofika kwenye redio alicheka mpaka kilemba kikamtoka. Anasema Baba hakuwa anasikiliza chochote, alikuwa anaringia majirani tu.

Umeshajua, basi, kwamba namsomea viganjani. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia limekwisha kufunikwa, la kushoto linaona vivuli. Nilipomweleza wanaosikia wanauitaje ugonjwa huo, akasema wawili aliowazaa wanamtosha kwa usumbufu, huyu wa tatu akae huko huko jichoni, angalau hapigi kelele. Daktari wa macho anasema operesheni ni fupi, mtu anaingia asubuhi na jioni yuko kwake. Mama hataki. Nikimbana anakunja ngumi na kuziweka mapajani, na wewe unajua, Mama akikunja mikono mazungumzo yamekwisha.

Kazini kwangu, kwenye ukalimani wa viziwi, kuna upepo. Mkuu wa hospitali alituita akatusomea waraka. Serikali inabana matumizi, inaanza na huduma "zisizo za lazima". Lile darasa la watoto viziwi pale shule ya msingi limefungwa. Watoto wamechanganywa na wengine, wamekaa nyuma, wanatazama mdomo wa mwalimu ukifunguka na kufungika. Mwalimu wao sasa anafundisha kilimo. Mimi bado nipo, usijali.

Mama anauliza, vitunguu huko kwenu vinastawi? Sijui kwa nini anauliza. Jibu tu.

Mwanya

---

Chumba cha kufulia, 3 Machi

Karatasi ya kwanza, ya kusomewa Mama

Mama yangu, shikamoo. Vitunguu vinastawi. Wajukuu zako wanakusalimu, na mkubwa sasa amenipita kimo, akisimama karibu yangu watu wanauliza nani mama hapa. Nimekushonea mto kwa vipande vya shuka, nitautuma akipatikana mtu. Kubali kwenda kwa daktari, Mama. Ni mimi ninayekuomba.

Karatasi ya pili, yako peke yako

Mwanya, usimsomee hii. Barua yako nilipoifungua nilidhani imeandikwa na mtu mwingine. Wewe uliyekuwa na mwandiko wa karani, uliyemwandikia Baba vibao vya biashara yake! Sasa herufi zinapepesuka kama zimekunywa.

Halafu leo nimepeleka majoho ya upasuaji ghorofani, nikakuta meza ya mkalimani wetu imepangwa vikombe vya chai. Nikauliza yuko wapi. Wakasema nafasi za wakalimani wa lugha ya alama zimefutwa nchi nzima tangu mwaka uanze. Nchi nzima, kaka. Sasa wewe "upo" wapi?

Kuna jambo hatulisemi katika familia yetu, na leo nitalisema. Najua kwa nini Mama anakunja mikono. Ni kwa sababu ya Baba. Wakati ule hospitali yetu haikuwa na mkalimani. Alilazwa na homa kali, saa ya kutazama wagonjwa ikaisha, sisi tukatolewa nje. Asubuhi tukamkuta amefungwa mikono kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda. Muuguzi akasema alikuwa anarusha mikono ovyo, wakadhani amechanganyikiwa. Alikuwa anaomba maji, Mwanya. Walimziba mdomo mtu anayeomba maji. Walipomfungua hakusema tena neno, na wiki ile ile tukamzika.

Ndiyo sababu ulikwenda kusomea kazi hiyo. Ndiyo sababu viziwi wa mji mzima walikaa kwenye ngazi za hospitali wakiwa kimya mpaka nafasi ile ikawekwa. Leo wanaiita si ya lazima. Ningekuwa karibu na aliyeandika waraka huo ningemtia kwenye mashine ya kufulia nikaiwasha.

Nijibu ukweli.

Kishungi

---

Nyumbani, 22 Aprili

Kishungi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii haina karatasi ya Mama, yote ni yako. Mama hajambo, anakula vizuri, mto aliupokea na anaulalia mchana.

Ni kweli, wameniachisha. Nilipokuandikia kwamba nipo, nilikuwa nimeshatoka. Mwanzoni niliendelea kwenda hivyo hivyo, maana wagonjwa hawakufutwa na waraka. Siku moja mlinzi akanizuia getini. "Kaka, nimeambiwa asiye mtumishi asipite. Usinione mbaya." Mlinzi huyo huyo niliwahi kumtafsiria shemeji yake.

Siku hiyo kulikuwa na msichana kiziwi wodi ya wazazi, mimba ya kwanza. Nikazunguka nyuma, kwenye dirisha. Lugha yetu haizuiwi na kioo, hiyo ndiyo raha yake. Kinachozuiwa ni sauti. Wakamkinga kwa pazia kuanzia kifuani kwenda chini ili nimwone uso na mikono tu, na mkunga akawa anafungua dirisha kidogo na kunipigia kelele, "Mwambie asisukume bado!" Mimi huyo, nimesimama katikati ya maua ya hospitali, natafsiri. Msichana akanijibu kwa mikono miwili tusi ambalo hata chuoni hawakutufundisha. Mkunga akauliza, "Amesemaje?" Nikamwambia, "Anasema ameelewa." Mtoto alizaliwa salama. Wiki iliyofuata kioo kile kilipakwa rangi nyeupe, eti kwa heshima ya wagonjwa.

Sasa nafyatua matofali ya saruji nyuma ya stendi. Natoka nyumbani na shati langu la ukalimani, nikifika nabadilisha. Jioni naoga huko huko kisha nalivaa tena. Mama hajui. Nimemwambia mashine ya macho ya hospitali yetu imeharibika. Saruji inakula ngozi, na kidole changu cha kati kilibanwa na kalibu ya kufyatulia, hakikunjiki sawasawa. Huo ndio ulevi wa herufi zangu.

Sikiliza sasa. Daktari wa macho alikuwa radhi kumfanyia Mama hapa. Lakini ganzi ni ya jicho tu, mgonjwa yuko macho, na lazima aelewe akiambiwa tulia, tazama chini, usikohoe. Mama atakuwa amefunikwa uso, hasikii, haoni. Lazima awepo mtu wa kumsemesha mkononi, na chumba cha upasuaji haingii ila mtumishi. Nimewapigia magoti, nikaambiwa utaratibu ni utaratibu. Daktari naye akakataa kumshika jicho mtu asiyeweza kuongea naye, na simlaumu.

Wewe ni mtumishi, Kishungi. Kila siku unaingia chumba hicho na marundo yako ya nguo. Ongea na Sista mkuu wa huko. Nikishampata mtu wa kuingia naye, Mama nitambembeleza mimi.

Mwanya

---

Chumba cha kufulia, 12 Mei

Kaka yangu,

Natumaini mu wazima. Huku mvua hazikatiki, mashuka hayakauki, tunayapiga pasi yakiwa na unyevu chumba kinajaa mvuke. Mpe Mama salamu zangu, na hii msomee yote.

Mume wangu jana alinikumbusha siku wazee wake walipokuja kuniposa. Mjomba wake alizungumza wee, kuhusu ua na bustani, na jiko lisilo na moto, na ndege anayetafuta tundu, na wewe umekaa katikati unatafsiri. Akimaliza sura nzima wewe unamwonyesha Mama vidole viwili tu. Mpaka Mama akakuuliza, "Maneno yote yale umeyafupisha hivyo?" Ukamjibu, "Mama, hakuna kitu ndani, bado wanapaka rangi mlango." Mama akacheka kwa sauti, wageni wakadhani amekubali, wakapiga vigelegele. Ndivyo nilivyoolewa. Siku zingine namtazama mume wangu nasema, huyu nilipewa na tafsiri fupi.

Nyumba ile ilikuwa na raha zake. Sijui tulikuwa tunaharakia nini kukua.

Kuhusu Sista, nitaona.

Kishungi

---

Nyumbani, 30 Mei

Kishungi,

Hatujambo. Mama alicheka, akasema mjomba yule bado anadaiwa maneno ya maana.

Lakini sikukuomba hadithi ya posa. Nilikuuliza jambo moja, ukanijibu "nitaona". Anayehitaji kuona ni Mama. Lile jicho la kushoto nalo linaaga. Jumapili nilisimama mbele yake mchana kweupe, nikampungia mkono, akaendelea kuchambua mchele akitazama kifuani kwangu. Nikakaa chini nikamtazama hivyo hivyo, nikaona aibu kama ninayemchungulia.

Na kuna jambo jipya. Mama amekubali. Sijui kilichomgeuza. Nilikuwa namsomea barua yako na kumweleza habari ya Sista, nilipomaliza hakuniachia mikono, akavishikashika vidole vyangu kimoja kimoja kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Nitakwenda kwa Kishungi. Sharti langu wasinifunge mikono." Basi.

Mkaidi wa miaka yote hiyo amefungua mlango mwenyewe, na wewe ndiye unayesitasita. Unaogopa nini?

Mwanya

---

Chumba cha kufulia, 16 Juni

Kaka yangu Mwanya,

Shikamoo, na usinune. Wasichana hawajambo, baba watoto hajambo, mimi ndiye nilikuwa mgonjwa wa woga.

Upepo wenu umefika huku. Tumesikia nguo zitapelekwa kufuliwa na kampuni ya nje, na wafuaji tutapunguzwa. Tangu hapo kila mtu anatembea kwa kunyata, hakuna anayetaka jina lake litajwe, hata kwa sifa. Nikajiambia nikigonga mlango wa Sista kuomba mambo yasiyo kwenye utaratibu, nitakuwa nimejipeleka mwenyewe machinjioni. Ndiyo maana nikakuandikia habari za ua na bustani. Nami nilikuwa napaka rangi mlango.

Juzi nilikuwa napiga pasi vile vitambaa vya kijani vya kufunika uso wa mgonjwa, vyenye tundu moja la jicho. Nimepiga pasi vitambaa hivyo miaka nenda miaka rudi bila kufikiri lolote. Juzi nikauona uso wa Mama chini yake. Nikasimama, pasi nayo ikasimama, kitambaa kikaungua kabisa. Moshi ukapanda ghorofani kabla yangu. Sista akashuka mwenyewe kuja kugomba, na Sista huyo akigomba hata mashine zinazunguka polepole.

"Umelala?"

Nikafungua mdomo nikamwambia yote, Baba, bandeji, wewe, Mama, kila kitu, huku kitambaa kinafuka. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mgonjwa asiponielewa, na mimi simwelewi, hapo tunachinja, hatutibu. Mlete mama yako. Utaingia kama mfuaji aliyeleta nguo akasahau kutoka. Ila ukizimia mle ndani nitakuruka kama ndoo."

Basi mlete, Mwanya, wiki ya kwanza ya Julai. Mikono yangu imelala, nakiri, kwa hiyo kila jioni nawafunga wasichana vitambaa machoni nawasemesha viganjani. Mkubwa anacheka anatekenywa. Mdogo jana alinifinyangia swali kamili: "Bibi anapenda nini?" Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo.

Kishungi

---

Nyumbani, 6 Julai
(kwa mkono wa jirani mshonaji)

Kishungi,

Mama huyu hapa. Jirani yetu anakuja huko kununua vitambaa, anajua alama za kutosha kumuuliza kama ana njaa au anataka msalani, na safari haihitaji zaidi. Kwenye mfuko kuna dawa zake za presha. Asikudanganye kwamba amekwisha kunywa.

Mimi siji. Nikikosa siku mbili pale matofalini, nafasi yangu inachukuliwa na mwingine. Ukweli mwingine ni kwamba sitaki jicho jipya la Mama linifungukie mimi kwanza. Wewe bado una mikono inayotazamika.

Usimwambie.

Mwanya

---

Nyumbani kwangu, 1 Agosti

Kaka yangu mpendwa,

Salamu za leo zinatoka kwa watu wengi, na mmoja wao ananikodolea jicho nikiandika, ananiambia mstari unapanda.

Anaona, Mwanya! La kulia. La pili watalitazama mwakani.

Ngoja nikueleze. Asubuhi ile nilimwogesha, nikampaka mafuta mikono, tukapanda ghorofani. Nilipovaa lile joho nilitambua mshono wangu kwenye kwapa. Wakamlaza, wakamtia ganzi. Msaidizi mmoja akaja na mikanda ya kitambaa, akaushika mkono wa Mama wa kushoto aufunge ubavuni mwa kitanda. Ndivyo wanavyofanya kwa wote, asijisahau akagusa jicho, hakuwa na ubaya. Lakini Mama aliugusa ule mkanda tu, mwili mzima ukawa mkavu kama ubao. Sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia, hata siku ya Baba.

Nikasema, "Usimfunge." Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Mfuaji anamwamuru mtu mle ndani! Daktari akanitazama juu ya barakoa. "Nani huyu?" Sista akasema, "Huyo ndiye masikio ya mgonjwa. Mwache amshike yeye."

Nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia kiganjani, niko hapa, hakuna kamba. Akaniuliza, "Ni wewe kweli?" Nikampa jina langu, vidole vitatu, safari hii sikuweka utosini kwangu, niliweka kwake. Akalegea.

Ikaendelea. Daktari anasema, mimi nafinyanga. Tulia. Tazama chini. Usikohoe. Katikati vidole vya Mama vikaanza kwenda. "Mwambie asitikise mikono," daktari akasema. Nikamwambia, "Daktari, anaongea." "Anasema nini?" "Anauliza kama umeoa." Sista akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Daktari akajibu, "Mwambie nina watoto watatu." Mama akasema basi, anaendelea vizuri, asiharakishe.

Kesho yake walipomtoa bandeji alikaa muda akinitazama. Mimi nilikuwa nimevaa vizuri, nimejiandaa kwa machozi. Akainua mikono akasema, "Umezeeka. Na lafudhi ya mikono yako imekuwa ya kigeni, unaongea kama mtalii." Kisha akawatazama wasichana, na hapo ndipo alipolia yeye.

Tumekaa naye wiki tatu sasa. Nyumba imerudi kuwa ile ile ya zamani, masufuria yanagongana, milango inabamizwa, watoto wanapiga mguu sakafuni kumwita bibi. Jirani wa chini alipanda kulalamika kuhusu kelele. Nilitaka kumkumbatia.

Anarudi kwako Ijumaa ya wiki ya pili, peke yake. Amekataa kusindikizwa. Sasa ameondoka begani kwangu, kwa hiyo naandika: sikumwambia lolote kuhusu wewe. Mwambie mwenyewe.

Kishungi

---

Nyumbani, 23 Agosti

Kishungi, mdogo wangu,

Mama amefika salama, na zawadi zote zimefika isipokuwa maandazi, hayo anasema yaliharibika njiani, mimi naona aliyala. Anakusalimu, anamsalimu Sista, na daktari anamwambia awatunze watoto watatu.

Siku ile niliomba ruhusa matofalini. Nilijisugua mikono kwa limau na mafuta, nikapiga pasi shati la ukalimani nikalivaa, nikafunga na tai. Nikaenda stendi nikasimama mahali atakaponiona kwanza. Akashuka. Alinitazama kwa mbali, akapiga ukucha kwenye jino la mbele mbele ya watu wote, na mimi nikasahau kila nililojipangia kumwambia.

Nikaanza na uongo. Nikamwambia kazini hawajambo, wanamsalimu, mkuu wa hospitali amenipa ruhusa ya asubuhi. Mikono yangu ilikuwa inasema vizuri kabisa, hata kile kidole nilikilazimisha.

Mama aliweka mfuko chini. Akaishika mikono yangu akaigeuza kama anayekagua kitambaa sokoni, kisha akaiachia ili apate nafasi ya kusema.

"Nilijua tangu mvua za kwanza. Ulikuwa unanisomea barua huku unanikwaruza. Kila wiki ngozi inazidi kuwa ngumu, na kidole kimoja kikaanza kumeza maneno. Nikajua wamekufukuza hospitali, unabeba vitu vizito. Nikangoja uniambie. Hukuniambia."

Nikamuuliza, "Mbona na wewe hukusema?"

"Mkononi mtu anaweza kukudanganya usimjue. Nilitaka nikuone uso unaponidanganya. Ndiyo maana nilikwenda kukatwa jicho."

Kishungi, nililia pale stendi na tai yangu. Abiria wakapita wakidhani tumefiwa. Yeye akanifuta uso kwa ncha ya kanga, akanitazama kila mahali, mwanya, nywele zangu za mvi, shingo iliyobabuka na jua, bila haraka, na hakunionea huruma hata kidogo. Nilijiona kama ninayesomwa na mtu anayejua kusoma.

Tukaanza kutembea. Njia ya kwetu inapita mbele ya hospitali, unajua. Alisimama pale nje akatazama ukuta mrefu ule, akaona lile dirisha lililopakwa rangi nyeupe katikati ya madirisha mengine yenye vioo, akauliza ni la nini. Nikamweleza yote, msichana, mkunga, maua, rangi. Sikuficha kitu.

Halafu akanigeukia.

"Wewe una mama mwenye binti anayefua nguo za upasuaji," akasema. "Hao wengine, nani anawasemea?"

Nilinyanyua mikono nimjibu. Ikakaa hewani mbele ya kifua changu, na Mama aliitazama mpaka nikaishusha.

Kaka yako,
Mwanya